Sufuria ya maharagi, digrii 95: joto na halijoto si kitu kimoja

Mwalimu_Katindo (Goma)

Jambo yenu wote. Uzi huu ni mrefu, na umeanzia kwenye sufuria ya maharagi.

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita, anapika maharagi ya kuuza hapa Goma. Anawasha mbabula (majiko) mbili saa kumi na moja alfajiri, na gunia la makala, yaani mkaa, linamwishia kabla ya wiki mbili. Jumapili iliyopita nilimkuta amejaza makala hadi juu. Sufuria inatokota kwa kelele, kifuniko kinaruka, povu linamwagika na kuzima makala ya pembeni. Nikamwambia, "Yaya, punguza moto." Akanijibu, "Nikipunguza yatachelewa kuiva, na wateja wangu hawasubiri."

Nilikuwa na kipimajoto cha maabara kwenye mfuko wangu wa shule. Nikakifunga kwenye mwiko na kukizamisha bila kugusa chini ya sufuria. Kikasoma 95. Yaya akaongeza makala, akapepea mpaka cheche zikaruka. 95. Kisha tukatoa nusu ya makala kwa koleo, maji yakabaki yanachemka taratibu, mapovu mawili matatu. 95.

Akakiangalia kile kipimajoto kwa muda, halafu akauliza: "Sasa ule moto wote niliokuwa naongeza ulikuwa unaenda wapi?"

Nimefundisha fizikia miaka kumi na miwili, na sijapata mwanafunzi aliyeuliza swali zuri kuliko hilo. Nataka nilijibu hapa vizuri, kwa sababu makala ni ghali, na kwa sababu makala mengi yanayoingia mji huu yamekuwa yakitoka kwenye misitu ya Virunga, hifadhi iliyoundwa 1925 na ambayo hatutapata nyingine.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo tunapojikwaa. Shuleni tunafundisha kwa Kifaransa, na huko kuna maneno mawili tofauti. Mtoto akirudi nyumbani, neno "joto" linafanya kazi zote. Mtoto ana joto, maji yana joto, leo kuna joto, makala yanatoa joto. Watu wanaelewana, sina ugomvi na hilo. Ila ukitaka kujibu swali la yaya lazima ugawe.

*Halijoto* ni kile kipimajoto kinachosoma. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo zisizotulia. Katika maji zinasukumana na kuteleza, katika chuma zinatikisika mahali pamoja. Halijoto inaeleza ukali wa mtikisiko huo kwa wastani, chembe kwa chembe. Haisemi chembe ziko ngapi.

*Nishati ya joto* ni jumla ya nishati ya chembe zote zilizomo ndani ya kitu. Hapa idadi ina maana kubwa. Kikombe cha chai cha digrii 80 na ziwa Kivu lenye digrii 24 juu: chai ina halijoto kubwa zaidi, lakini ziwa lina nishati ya joto isiyo na mfano, maana lina zaidi ya kilomita za ujazo 500 za maji.

*Joto* lenyewe, kwa maana ya wanafizikia, ni nishati ikiwa safarini. Inatoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo, na safari inaisha halijoto zikilingana. Mimina ile chai ziwani: joto litatoka kwenye chai kwenda ziwani, ingawa ziwa ndilo tajiri wa nishati. Mwelekeo unaamuliwa na halijoto peke yake.

Sasa swali la yaya. Chukua lita 5 za maji ya digrii 20. Kilo moja ya maji inahitaji kama kilojouli 4.2 (kilojouli ni kipimo cha nishati) ili ipande digrii moja. Kuyafikisha 95 ni 5 × 4.2 × 75, yaani kilojouli 1,575. Yakishachemka, halijoto inasimama. Joto unaloongeza halitumiki tena kuzitikisa chembe kwa nguvu zaidi. Linatumika kuzing'oa kutoka kwa wenzao ziruke kama mvuke. Na kung'oa ni kazi ghali: kugeuza lita *moja* kuwa mvuke kunakula kama kilojouli 2,260.

Someni tena hapo. Kuikausha lita moja kunagharimu zaidi ya kuchemsha lita tano kutoka baridi.

Yaya anaongeza maji mara mbili tatu kila asubuhi kwa sababu "maharagi yanakunywa sana". Maharagi yanakunywa kweli, lakini kama lita mbili zinapaa hewani. Kilo ya makala mazuri ina karibu kilojouli 29,000, na mbabula ya kawaida iliyo wazi hufikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 20 tu. Tukichukua 15, lita moja ya mvuke imekula nusu kilo ya makala. Lita mbili, kilo nzima. Kila siku, na haikuivisha hata punje moja, kwa sababu punje inaiva kwa halijoto na muda. Halijoto ilikuwa 95 kabla, na 95 baada.

Huko ndiko moto wake ulikokuwa ukienda. Karibuni na maswali, na mwenye kunisahihisha anisahihishe.

Fundi_Ndosho (Goma)

Mwalimu, aksanti. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma na umenifungulia kitu nilichokiona miaka yote bila kukielewa. Nikikata chuma kwa msumeno wa umeme, cheche zinanipiga mikononi siku nzima. Zinawaka njano, ni moto sana, lakini hazinichomi, nasikia kama kuguswa na mchanga. Siku moja mwanangu alinimwagia kikombe cha maji ya chai mguuni, nilikaa wiki mbili bila kuvaa kiatu. Nilikuwa nasema ngozi ya mkono imezoea. Kumbe sivyo?

Mwalimu_Katindo

Fundi, ngozi yako imekomaa kidogo, sawa, lakini sababu kubwa umeitaja bila kujua. Cheche ina halijoto ya zaidi ya digrii elfu, ila ni punje ya chuma ambayo ukubwa wake ni sehemu ndogo sana ya gramu. Isitoshe, chuma kinabeba joto kidogo: kilo moja inashuka digrii moja kwa kutoa kilojouli 0.45 tu, wakati maji yanatoa 4.2, zaidi ya mara tisa. Cheche inafika kwenye ngozi na halijoto ya kutisha na nishati ndogo mno. Kikombe cha chai kina halijoto ya kawaida na nishati nyingi, tena kimiminika kinakumbatia ngozi na kuendelea kuipa joto.

Ila vaa miwani kwa ajili ya macho, tafadhali. Jicho halina ngozi ngumu.

Mama_Himbi (Goma)

Mimi swali langu ni la 95. Nilisoma kwamba maji yanachemka 100. Kipimajoto chako hakijaharibika?

Mwalimu_Katindo

Swali la haki kabisa, mama. Kipimajoto ni kizima. 100 ni ya pwani, kule Mombasa au Moanda. Maji yanachemka pale mvuke wake unapokuwa na nguvu ya kusukuma hewa iliyoyakalia. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa iliyo juu yetu ni pungufu, inakandamiza kidogo, kwa hiyo maji yanafaulu mapema, kwenye 95. Bukavu ni karibu sawa na sisi. Lubumbashi, iliyo chini kidogo, ni kama 96. Ukipanda volkano yetu ya Nyiragongo hadi kileleni, mita 3,470, maji yanachemka kwenye 88 au 89, na ukitaka kupika maharagi kule juu utalala njaa.

Ndiyo maana ndugu zetu wanaotoka pwani wanashangaa maharagi ya Goma kuchelewa. Wanadhani ni aina ya mbegu. Mbegu inachangia, na maharagi yaliyokaa ghalani muda mrefu ni sugu zaidi, lakini digrii tano zina uzito wake. Sufuria ya presha inaufuta mlima: inaufungia mvuke ndani mpaka ukandamize maji yasichemke hadi yapite 110. Hapo ndipo maharagi yanapoiva haraka kweli, kwa sababu *halijoto* imepanda.

Kijana_Kadutu (Bukavu)

Nafuatilia kwa makini. Mwalimu, mwaka 2002 lava ya Nyiragongo, mwamba ulioyeyuka, ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani. Lava ni zaidi ya digrii 1,000. Kwa nini ziwa halikuchemka? Na la pili: nimesikia kwamba chini kabisa ya Kivu maji ni ya joto kuliko katikati. Lakini shuleni tulifundishwa maji ya moto yanapanda juu, ya baridi yanashuka. Moja kati ya hayo mawili si kweli.

Mwalimu_Katindo

Yote mawili ni kweli, na nitakuomba uvumilivu maana hapa pananigusa.

Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa mtoto. Tulikimbilia upande wa Gisenyi, Rwanda, na godoro na mbuzi mmoja. Tuliporudi baada ya siku chache, mtaa wetu ulikuwa jiwe jeusi, na watu walikuwa wanatembea juu yake na mizigo kichwani. Juu palikuwa pamekauka, unaweza kupita haraka haraka na viatu. Ukichungulia kwenye ufa, ndani ni pekundu. Mvua ilipoanguka, mvuke ulifuka mtaa mzima. Nilimwuliza baba jinsi jiwe moja linavyoweza kuwa baridi na moto pamoja, akasema niache maswali nitafute mahali pa kuweka miguu. Jibu ni kwamba mwamba ni msafirishaji mbaya sana wa joto. Gamba la juu lilishatoa joto lake hewani, na lile la ndani lilikuwa bado njiani, likisafiri chembe kwa chembe, safari ya wiki na miezi. Ndiyo hatari yenyewe: jicho linaona gamba. Siku zile zile kituo cha mafuta mjini kililipuka watu wakiwa wanachota, lava ikiwa bado hai pembeni.

Sasa ziwa. Lita moja ya lava ina uzito wa kilo 2 na nusu hivi. Ikipoa kutoka zaidi ya 1,000 mpaka halijoto ya ziwa, na ukihesabu joto inalotoa wakati wa kuganda, unapata kama kilojouli 3,600. Hizo zingechemsha lita 11 za maji baridi. Kumi na moja tu! Kilomita moja ya ujazo ya maji ni lita trilioni moja, na Kivu linazo zaidi ya 500. Kwa hesabu yangu, kulipandisha ziwa lote digrii *moja* kungehitaji zaidi ya nusu kilomita ya ujazo ya lava iingie majini. Iliyoingia ilikuwa sehemu ndogo mno ya hiyo. Maji ya ufukweni yalifoka na kutoa mvuke, ziwa kwa jumla halikuhisi.

Hofu ya kweli ilikuwa nyingine: kwamba lava ingeteremka hadi kwenye maji ya chini yaliyojaa gesi ya kaboni (kaboni dioksidi) na methani na kuyavuruga yapande. Haikutokea.

Na hapo naingia kwenye swali lako la pili. Waliokufundisha walikuwa sahihi, ila sentensi yao ni fupi mno. Kinachopanda ni chepesi, kinachoshuka ni kizito. Maji safi yakipata joto yanatanuka, yanakuwa mepesi, yanapanda, huo ndio msafara unaouona kwenye sufuria. Kivu linapashwa kutoka chini na chemchemi za moto zinazoingia vilindini, na maji ya huko, karibu mita 480 chini, yana digrii 26 hivi, wakati maji ya mita 80 au 100 yana 22 na nusu au 23. Yalipaswa kupanda. Yanazuiwa na mzigo: chemchemi zile zinaleta chumvi, na maji ya chini yamebeba gesi ya kaboni kwa wingi, na vyote viwili vinayafanya mazito kuliko joto linavyoyafanya mepesi. Kwa hiyo yamelala pale, ya joto na mazito, miaka na miaka. Ukiyaleta maji hayo juu kwa bomba, gesi inatoka kama soda iliyofunguliwa. Upande wa Rwanda wanazalisha umeme kwa methani hiyo.

Mmiminaji_Katuba (Lubumbashi)

Salamu kutoka Lubumbashi. Sisi hapa tunamimina sufuria za aluminiamu kutoka vyuma chakavu, vichwa vya injini na rimu. Naomba kuongeza kitu kuhusu kile kusimama kwa halijoto, kwa sababu si maji tu yanafanya hivyo.

Aluminiamu safi inayeyuka kwenye 660. Unapopasha chungu cha kuyeyushia, vipande vinapanda, vinapanda, halafu vinaanza kulegea na hapo unangoja. Unavuta feni, unaongeza makala, na kile kimiminika hakizidi kuwa moto mpaka kipande cha mwisho kiyeyuke. Vijana wanaoanza kazi wanakosa subira hapo, wanadhani moto umepungua. Baada ya kipande cha mwisho, inaruka haraka sana, na usipoangalia imepita kiasi na sufuria itatoka na vitundu. Shaba ni hivyo hivyo, ila yenyewe ni 1,085, na mkoa huu mzima umejengwa kwa kuisubiri ifike hapo.

Jambo la pili ni onyo. Usitie kipande chenye unyevu kwenye chungu kilichoyeyuka. Hata tone. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi mara 1,600 au zaidi ya ile yaliyokuwa nayo, na yanaitafuta kwa kurusha chuma usoni kwako. Nimemwona mwenzangu akipoteza jicho. Sisi tunaanika vipande vyote juu ya ukingo wa tanuri saa nzima kwanza.

Mwalimu_Katindo

Mzee, nitakwenda kulisoma hili darasani Jumatatu kama lilivyo. Pole kwa mwenzako.

Muuguzi_Bagira (Bukavu)

Naongezea pale pa mvuke, kwa sababu kila wiki tunapokea watoto walioungua jikoni. Akina mama wanashangaa: "Hakuguswa na maji, ni mvuke tu." Mvuke ni mbaya kuliko maji. Ukitumia zile namba za mwalimu, gramu moja ya maji ya digrii 95 ikipoa mpaka 37 ya mwili inakuachia kama robo kilojouli. Gramu moja ya mvuke wa 95 ile ile inarudi kwanza kuwa maji juu ya ngozi, na hapo inarudisha yale yote iliyokopa kwenye moto, kilojouli 2 na zaidi, kisha ndipo inapoa. Mara kumi, kwa halijoto ile ile. Fungua kifuniko kwa kukiinamishia upande wa pili, usikuelekee wewe wala mtoto.

Mtu akiungua: maji baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Dakika 20 kwa saa, siyo kumwagia kikombe kimoja. Joto limeshaingia chini ya ngozi na linaendelea kusafiri kwenda ndani hata baada ya kuondoa sufuria, na maji yanalivuta litoke. Dawa ya meno, mafuta ya mawese, unga, vyote vinalifungia ndani na vinatuongezea kazi ya kusafisha kidonda. Barafu pia hapana, inaumiza ngozi iliyokwisha kuumia.

Na mtoto mwenye homa msimfunike mablanketi matatu. Mwili unajipoza kwa jasho kupaa, ni ile ile bei ya mvuke ya mwalimu, safari hii ikitusaidia. Ukimfunika unaizuia.

Mzee_wa_Bibwe (Goma)

Mimi bado napingana. Joto ni kitu. Linaingia, linatoka, linajaa, linaisha, hata nyinyi wenyewe mnasema "linasafiri", "limebebwa". Kitu kisichokuwepo hakisafiri. Na baridi nayo inaingia: fungua mlango asubuhi mwezi wa saba uone kama haikuingii.

Mwalimu_Katindo

Mzee wangu, shikamoo. Unachosema walikisema wataalamu wakubwa wa Ulaya kwa miaka mingi. Mfaransa Lavoisier, mwaka 1789, aliliorodhesha joto pamoja na elementi, kama majimaji yasiyo na uzito yanayoingia na kutoka kwenye vitu. Halikuwa wazo la kijinga, hesabu nyingi zilikubali.

Lililolivunja ni mzinga. Mtu aliyeitwa Rumford alikuwa anasimamia utoboaji wa mizinga kule Munich, akaona chuma kinapata moto mkali kwa kutobolewa tu. Akakizamisha majini, farasi wakazungusha keekee butu, na baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka. Hakuna moto hata kidogo. Aliandika habari hiyo 1798 na hoja yake ilikuwa nyepesi: kama joto ni majimaji yaliyofungiwa ndani ya chuma, yangeisha. Lakini kadiri farasi wanavyozunguka, linazidi kutoka. Kitu kisichoisha hakiwezi kuwa kilikuwa kimehifadhiwa mle. Baadaye, miaka ya 1840, Joule wa Manchester alipima bei yake, akidondosha mizigo iliyozungusha pangaboi ndani ya maji na kusoma kipimajoto.

Sisi hatuhitaji farasi. Simama barabarani uangalie chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinazoteremka kutoka Kibumba na viazi. Dereva, mzigo na chukudu, tuseme kilo 300. Kila mita 300 za kimo zinazoshuka zinaachia kama kilojouli 880. Zinaenda wapi? Kwenye ile raba ya breki anayoikanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Inusie akifika chini. Kilojouli 880 zingechemsha karibu lita tatu za chai, na hakuna aliyewasha makala. Kazi ya mteremko imekuwa joto.

Kuhusu baridi: kinachotokea asubuhi ya Julai ni joto lako kutoka. Jaribu hivi. Alfajiri shika usukani wa mbao wa chukudu kwa mkono mmoja, na mlango wa chuma kwa mkono mwingine. Vyote vimelala nje usiku kucha, kipimajoto kitasoma sawa. Lakini chuma kitakung'ata. Kama baridi ingekuwa ndani ya vitu, mbao nazo zingekung'ata. Chuma kinalichukua joto lako na kulipeleka ndani haraka, mbao zinalichukua polepole. Mkono wako haupimi halijoto, unapima kasi ya joto kukutoka.

Mzee_wa_Bibwe (Goma)

Marahaba. Nimeshika mlango na usukani wa chukudu ya mjukuu. Hilo la mkono nimelikubali. La majimaji naendelea kulifikiria.

Mama_Himbi (Goma)

Turudi jikoni, tafadhali. Kama kuchemsha kwa nguvu ni kupoteza, na halijoto ndiyo inayoivisha, basi maharagi yangeweza kuiva hata bila moto, mradi yasipoe?

Mwalimu_Katindo

Mama, umefika mahali nilipotaka kufika, tena umefika mwenyewe.

Ndiyo. Na yaya ameshaanza. Maharagi yanalowekwa usiku, maji ya kulowekea yanamwagwa. Asubuhi yanachemshwa *kwa nguvu ya kweli* dakika 30 au 40, kifuniko juu. Hapa usipunguze muda: maharagi mabichi yana sumu inayovunjwa na kuchemka, na moto wa uvuguvugu hauivunji. Kisha sufuria inatoka kwenye mbabula ikiwa bado inachemka, haifunguliwi, inaingia kwenye kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu ya ndizi yaliyoshindiliwa, juu blanketi la zamani lililokunjwa mara nne. Kazi ya majani ni kufungia hewa. Hewa iliyotulia, isiyoweza kuzunguka, ni mlinzi mzuri wa joto, na ni bure.

Sufuria ijae. Sufuria kubwa iliyojaa ina nishati nyingi na ngozi ndogo ya kuipotezea. Sufuria ndogo yenye maji kidogo itapoa upesi hata uifunike vipi.

Ya yaya ilikuwa lita 9. Aliiweka saa mbili asubuhi, akafungua saa saba mchana mbele yangu. Kipimajoto: 77. Maharagi yameiva, hayajapasuka, mchuzi mzito. Alikuwa ametumia mbabula moja kwa saa moja badala ya mbili kwa saa nne. Akala punje tatu, akaniambia nimletee kikapu kingine.

Angalizo moja: kikishuka chini ya 60, usikiache hapo. Vijidudu vinapenda uvuguvugu. Rudisha motoni kichemke kabla ya kula au kuuza.

Mama_Himbi (Goma)

Nimejaribu jana. Sina kipimajoto, lakini nilipofunua baada ya saa nne sikuweza kutia kidole. Yameiva yote isipokuwa yale ya zamani niliyochanganya, nadhani ni kosa langu kuchanganya. Kesho nitaweka sombe kwenye kikapu.

Mwalimu_Katindo

Mama, sombe hapana! Nashukuru umesema kabla.

Majani ya muhogo yakitwangwa yanaachia sianidi. Kutwanga kunaifungua, na kuchemsha ndiko kunakoifukuza: inapaa hewani pamoja na mvuke. Ukifunika sombe mbichi na kuifungia kwenye kikapu, sumu inabaki ndani na wewe. Twanga vizuri, chemsha kwa muda mrefu, kifuniko kikiwa wazi, dirisha wazi, maji yapungue uongeze mengine. Kwenye sombe ule mvuke tuliokuwa tunaulilia kwa maharagi unafanya kazi yake, na makala yake yanastahili kuungua. Mawese na vitunguu tia baadaye, harufu kali ya mwanzo ikishaisha.